Mkebe wa Unga na Chupa ya Ephantus

Mimi si mtu wa kulia, na siku ile pia sikulia. Mama mkwe wangu, Magdalene, alikuwa na sukari, moyo uliochoka na miguu ya kufura. Mume wangu alipochukuliwa kizuizini, mwaka wa hamsini na nne, alisema neno moja tu: "Ngendo, nikirudi nimkute mama."

Hapa Ruiru tulitibiwa na Ephantus, mganga wa zahanati ya shamba la kahawa. Magdalene ndiye aliyemsimamia ubatizo. Kila Jumatatu nilimpelekea chupa yetu, akaijaza dawa ya moyo. Lakini miguu ilizidi kufura, basi nikatafuta pasi ya serikali ya kusafiria, nikampeleka mama Thika. Daktari wa huko akanifundisha kumdunga sindano ya sukari, akatupa na vidonge vidogo vyeupe.

"Anatibiwa mahali pengine?" akauliza.

Mama akanifinya mkono. Nikasema hapana.

"Ephantus akisikia nimemruka, ataweka uso wapi?" aliniambia tukirudi. "Chupa yake nitakunywa. Hivi vya Thika asivione."

Kichwa ngumu, yule mama. Lakini nani anabishana na mama ya bwana yake? Nikaficha vidonge kwa mkebe wa unga, nikampa kila kitu, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Nilijiona muuguzi kamili.

Wiki ya tatu akaanza kutapika. Akasema maziwa yamekuwa ya manjano. Nikayaangalia, yalikuwa meupe. Nikampa vidonge, nikampa na ya chupa. Jumapili hakuamka.

Ephantus alikuja akakaa kando ya kitanda. Nikamwekea mkebe mapajani, maana aliyetaka vifichwe hayupo tena. Akasoma karatasi ya vidonge mara mbili.

"Ngendo, hii ni dawa ile ile yangu ya moyo. Mmekuwa mkimpa maradufu. Ikizidi, mtu hutapika, huona vitu manjano, na moyo husimama. Mbona hamkuniambia?"

"Alisema utaona aibu."

"Tangu mwaka jana nilitaka kumwandikia aende Thika," akasema. "Niliogopa ataona nimemchoka."

Sikusikia chochote moyoni. Nikamletea kalamu na karatasi, kwa sababu ilibidi mume wangu aambiwe, na mimi sijui kuandika.

"Niandike nini?" akauliza.

"Andika ni moyo," nikamwambia. "Hayo mengine yatamuumiza bure."

Akaandika.