Feni ya Mama Mkwe

Sijawahi kuchukia kitu cha chuma kama nilivyoichukia feni ya gari la mama mkwe wangu. Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa kumi na tisa huu. Gari lililokufa kabisa halinisumbui. Nalifungua, naona kilicholiua, naendelea na maisha. Lakini kifaa kinachogoma barabarani, kikifika gereji kinapuliza utadhani hakijaugua tangu kizaliwe, hicho kinanitia wazimu.

Mama alikuja mara ya kwanza mvua zilipoanza. Akasema feni, ile inayopuliza hita na kiyoyozi, inakata ghafla, kioo cha mbele kinafunga ukungu na haoni mbele. Nikamwambia, "Shuka mama, kaa pale kwenye benchi, nisije nikakuchafua." Akashuka na fimbo yake, aliyonunuliwa na mke wangu baada ya kuteleza bafuni, akaenda kukaa. Nikawasha feni. Ikapuliza namba moja, mbili, tatu, nne. Nikapima fyuzi, nzima. Rilei inayoipitishia feni umeme, nzima. Aliporudi mara ya pili nikabadilisha rizista, kidude kinachopanga kasi ya feni. Mara ya tatu nikabadilisha swichi. Kila nikimkabidhi gari, siku mbili haziishi, huyo hapo getini.

"Imekata tena, baba."

"Shuka mama, kaa pale."

Alhamisi akagonga nguzo ya geti la jirani. Hakuumia mtu, ila taa ya mbele ilivunjika na maneno yakaanza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifika mbio, akamshusha mama, akawasha feni mwenyewe. Ikapuliza vizuri tu. Usiku huo watoto wa mama wakakata shauri: fundi achunguze kwa mara ya mwisho. Akikuta feni ni mbovu, itengenezwe. Akikuta ni nzima, basi mama ameanza kuchanganyikiwa, na ufunguo wa gari anyang'anywe.

Mama anaishi peke yake tangu mzee afariki. Gari hilo ndilo linalompeleka kliniki, na kila Jumatano kwa dada yake aliyepooza, kwenda kumwogesha. Dada mtu hakubali kuoshwa na mwingine. Hayo yote niliyajua wakati nimelala chali chini ya dashibodi Jumamosi asubuhi, taa ya kupimia mdomoni, shemeji amekunja mikono mlangoni akitazama saa. Umeme unafika kwenye soketi ya feni. Feni inazunguka. Niliiacha ikipuliza saa mbili nzima nikiiombea izime. Nikaitukana, tena kimoyomoyo, maana mama alikuwa benchini hatua tano tu, na mtu hatukani mbele ya mkwe.

"Fundi, toa neno," shemeji akasema. "Nina haraka."

Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na nilitaka gari lile litoke machoni pangu.

"Ni nzima. Sioni kasoro."

Mama akasimama. "Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Hakuna aliyesema mwongo, mama," shemeji akamjibu kwa upole ule wa kumbembeleza mtoto. "Ni umri tu."

"Umri hauzimi feni."

Shemeji akanigeukia. "Mrudishe nyumbani na gari lake. Ufunguo niletee mimi."

Nikashika usukani. Kwa mara ya kwanza mama akapanda upande wa abiria, akaiweka fimbo anapoiweka siku zote: mshikio umeegemea kiti cha abiria, ncha imezama chini ya dashibodi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tulipofika kwenye kona ya pili gari likatikisika kwenye shimo, na feni ikazima. Haikupungua nguvu kwanza. Ilikata. Kioo kikaanza kuwa cheupe kutokea pembeni, nikasogea kando ya barabara, nikasimama.

Mama alinitazama. "Na wewe umri umekufika?"

Nilizunguka mpaka mlango wake, nikapiga magoti kwenye matope. Nikaisogeza fimbo. Feni ikapuliza. Nikairudisha ilipokuwa. Kimya. Ncha ilikuwa inasukuma waya zinazoingia kwenye soketi ya feni, na nilipoichomoa soketi nikakuta pini moja imelegea na kuungua, nyeusi tii. Nilikuwa nimepima umeme pale mara nne. Sikuzitikisa waya hata mara moja, jambo ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulifanya. Na kila nilipotaka kupima, nilimshusha mama kwanza, naye akashuka na fimbo yake. Kumbe nilikuwa nautoa ugonjwa nje kwa mikono yangu, halafu nasema haupo.

Nilimweleza yote palepale, mvua ikininyeshea shingoni. Aibu niliyoisikia siwezi kuipamba.

"Mbona hukupima hata siku moja nikiwa ndani?" akauliza.

"Niliona ni kukukosea heshima, mama."

"Ungenikosea kidogo." Akaitazama fimbo. "Ufunguo wangu ungekuwa mkononi mwangu."

Nikaikaza ile pini kwa koleo, nikafunga soketi kwa utepe mweusi, kwa ajili ya kufikia nyumbani tu, pini mpya ningeweka kesho yake. Nilipoinuka mama alikuwa ameshashuka na kuzunguka gari kwa kujishikilia kwenye boneti. Alikaa kwenye usukani, akavuta kiti mbele, akaninyooshea kiganja. Nikampa ufunguo. Nikakaa alipokuwa amekaa yeye, fimbo nimeilaza mapajani.

Aliendesha taratibu, mikono miwili, feni inapuliza, kioo safi kabisa, hakina hata tone la ukungu ndani. Kwenye njia panda akakata kulia badala ya kushoto.

"Mama, nyumbani ni kushoto."

"Najua kwangu ni wapi," akasema. "Tunakwenda kwa mwanangu, shemeji yako. Utashuka wewe, utamwambia. Mimi nilishawaambia mara nne."