Jumatatu Isiyopimwa

Ubao wa maji ulitundikwa nje ya ofisi ya shirika la maji, hatua chache kutoka bombani, ili kila mwenye ndoo auone. Kila Jumatatu mpimaji aliandika kwa chaki tarehe, matokeo na saini yake. Kabla ya ubao huo watu hawakuliamini shirika hata chembe. Walishaona mashirika mengi yakija na magari na kuondoka na magari yao, basi. Ubao ndio uliowalainisha, mpaka wakaacha kuchemsha maji, na kwa jinsi bei ya mkaa ilivyokuwa, nani angewalaumu?

Wifi yake mpimaji, mke wa kaka yake, hakujua kusoma. Kila Jumatatu alitua ndoo na kuuliza, "Wifi, ubao wako unasemaje leo?"

"Unasema kunyweni."

"Kunyweni, shangazi!" mwanawe wa miaka mitatu alidakia kutoka mgongoni, na foleni nzima ikacheka.

Kisha Jumatatu moja chupa za kupimia zikawa zimeisha. Kesho yake wakaguzi walikuwa wanakuja kuona kama shirika linatimiza vigezo vya uwajibikaji, na mstari mtupu ubaoni ulikuwa unapunguza alama. Uongo haukupunguza kitu, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mpimaji akanakili matokeo ya wiki iliyotangulia, akakung'uta chaki mikononi, akaenda kunywa chai. Wakaguzi wakaupiga picha ubao na kuupa alama zote.

Mtoto alianza kuharisha Jumatano. Chupa mpya zilifika Alhamisi, mpimaji akajaza moja maji ya bomba na kuiweka dirishani. Ijumaa mtoto akafariki. Jumamosi, aliporudi kutoka makaburini, mpimaji aliikuta ile chupa imegeuka nyeusi tii, alama ya kinyesi majini. Mafundi walipochimba, waliukuta ufa wa kama wiki moja pale bomba linapokatiza mtaro wa majitaka. Wakauziba.

"Andika matokeo mapya," mkurugenzi alimwambia mpimaji alipokiri. "Ya Jumatatu yaache yalivyo. Watu wakiacha kutuamini, nani atawaletea maji?" Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha mpimaji zaidi.

Msibani alimkuta wifi yake amekaa sakafuni, sufuria ndogo mapajani.

"Ni uji, wifi. Nilimpa uji uliolala. Nimemuua mwenyewe kwa uvivu wangu."

"Usiseme hivyo."

"Sasa niseme nini? Maji yalikuwa safi, si ubao ulisema? Kama si mimi, ni nani?"

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. Alimsikia mkewe vizuri, akatazama pembeni, hakumpinga. Mpimaji alijikaza kisabuni, akaaga, akatoka. Alikuwa mwoga, na alijijua.

Jumatatu alifika mapema kuliko wote. Aliandika kwa herufi kubwa: JUMATATU ILIYOPITA MAJI HAYAKUPIMWA. NILIANDIKA UONGO. Akatia saini. Mkurugenzi alitoka mbio na kitambaa mkononi, lakini foleni ilishajaa na waliojua kusoma walishasoma. Akabaki amesimama na kitambaa chake.

Wifi alikuja na ndoo. Watu walimpisha. Akatua ndoo mahali pake pa siku zote.

"Wifi, ubao unasemaje leo?"

Mpimaji aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Neno moja tu, kunyweni, na huyu mwanamke angerudi nyumbani na uji wake. Akasoma, neno kwa neno, mpaka saini.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Jumatatu ile? Kabla hajaugua?"

"Ile ile."

"Siyo uji?"

"Siyo uji, wifi. Ni mimi."

Wifi hakulia, hakumpiga, wala hakumtazama. Aliukazia macho ubao, mistari ile myeupe ambayo kwake haikuwa na maana yoyote. Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mtu ambaye hata hakumjua vizuri.

"Dada," alisema, "hebu nisomee wewe."