Kipande cha Tatu

"Kikatwe kipande chako," Lemuel alisema. "Hata ukikitoa hakuna atakayeuliza kimekwenda wapi."

"Chako ndicho kirefu," Roscoe akajibu.

"Kirefu kwa sababu kina kitu ndani."

"Kina usingizi ndani."

"Usingizi! Wewe ukipiga watu hawalali, wanatafuta mlango."

Wanangu walikuwa wamekaa kwenye viti virefu, magoti yakigusana, kila mmoja na banjo yake pajani, mbele ya pembe ya bati ya kunasia sauti ambayo mdomo wake ungeweza kummeza mtoto mzima. Mimi nilikuwa nyuma yao, juu. Piano ya chumba kile cha kurekodia ilikuwa imepandishwa juu ya masanduku na kung'olewa mbao za mgongo, ili sauti yake ifike kwenye pembe bila kupotea njiani. Ukitaka kuipiga unapanda ngazi kama fundi wa kupaka rangi. Kwa hiyo niliviona vichwa vyao kwa juu, kama nilivyoviona zamani walipogombania beseni la kuogea.

"Lemuel, shusha sauti. Roscoe, mwache kaka yako."

"Mama, yeye ndiye aliye—"

"Sijauliza nani kaanza."

Wakanyamaza, lakini shingo zao ziliendelea kugombana.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, na kosa lilikuwa letu sote. Silinda ya nta, ile ambayo sindano huchonga sauti juu yake, hubeba dakika mbili na kidogo, basi. Wimbo wa baba yao, "Lombard Asubuhi", una vipande vitatu: cha kwanza wanapiga pamoja, cha pili anaongoza Roscoe, cha tatu anaongoza Lemuel. Tuliupima nyumbani jikoni kwa saa ya ukutani, sufuria ya supu ikichemka, tukaona unatosha. Na hapa pia tulipoupiga mara ya kwanza, kwa majaribio, ulitosha. Bwana Oberholt, fundi wa mashine, aliinua sindano, akaitazama nta kwenye mwanga wa dirisha, akasema imebaki nafasi ya ukucha.

"Nzuri sana," alisema. "Sasa nipunguzieni. Bwana Crandall, mtangazaji, anahitaji nafasi yake ya kusema."

Tukatazamana. Kila silinda tuliyowahi kusikia maishani ilianza na mtu akipaza sauti kutaja wimbo na mpigaji. Tuliijua sauti ile kama tunavyojua kengele ya kanisa letu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtu yule naye anakula nta.

Ndiyo maana kipande kimoja kilitakiwa kuondoka, na ndiyo maana watu wazima wawili, mmoja ana mke, walikuwa wakirushiana maneno mbele ya mgeni.

Bwana Oberholt hakujali. Alikuwa anachochea jiko. Mwezi wa Mei, jua lote la Philadelphia limejaa dirishani, na jiko linawaka, kwa sababu nta ikipoa sindano haikati vizuri. Joto lile lililainisha nta na likaharibu kila kitu kingine. Ngozi za banjo zililegea. Nyuzi zake za utumbo wa mnyama zilishuka sauti kabla hujamaliza kuzikaza. Chini ya miguu ya Roscoe palikuwa na blanketi lililokunjwa mara nne, maana yeye hawezi kupiga bila kukanyaga sakafu, na sakafu ikitikisika sindano inaruka.

"Mama, sema wewe," Roscoe alisema. "Kipi kiondoke?"

"Cha tatu," nikasema.

Lemuel hakugeuka. Alikaza uzi mmoja, akaulegeza, akaukaza tena.

Sikusema kwa kumwonea. Kipande cha pili kina mbio, vidole vya Roscoe vinaruka kama mahindi kwenye kikaango, na pembe inapenda sauti kali. Cha tatu kimetulia, kiko chini kwenye shingo ya banjo, hakina pa kujionyesha. Thaddeus, marehemu mume wangu, alikitunga majira ya baridi yale ambayo kifua kilimkataza kwenda kufungua duka lake la kinyozi, akawa anakaa jikoni karibu na jiko ananitazama nikisahihisha kazi za wanafunzi. Ninajua kilipotoka. Lakini mtu akikuambia nafasi haitoshi, unatoa kinachoweza kutoka. Nimepanga vitu katika nyumba ya vyumba viwili maisha yangu yote, najua.

"Sawa, Mama," Lemuel alisema. Sauti yake ilinifanya nitamani angeendelea kugombana.

Hapo Bwana Crandall akaingia, koti mkononi, uso umetakata, kijana wa kama miaka thelathini mwenye kifua cha mwimbaji. Alitusalimu vizuri. Si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mambo yangekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

"Tayari, wavulana? Tayari, shangazi?"

Sikumbuki kaka yangu yeyote kuzaa mtoto mweupe hivyo, lakini niliinamisha kichwa kidogo.

Bwana Crandall alisimama mbele ya pembe, akakohoa mara mbili, akajaribu sauti yake, kubwa, ya furaha, kila neno limetengana na jingine:

"'Sambo na Tikitimaji Lake'! Imepigwa na Masizi Wawili wa Shambani!"

Pembe ilivuma kidogo, kisha ikanyamaza. Jiko likalia. Sambo, tikitimaji, masizi: ndiyo maneno ambayo wazungu hutuchekea sisi weusi. Roscoe alitazama blanketi lililokuwa chini ya viatu vyake.

"Bwana Crandall," nikasema, "wimbo una jina."

"Najua, shangazi, waliniambia. Lakini jina lile haliuzi. Nani huko Ohio anajua Lombard ni kitu gani?"

"Hata Ohio wanajua asubuhi."

Bwana Oberholt alicheka, akajifanya anakohoa moshi.

"Si kwa ubaya," Bwana Crandall alisema, na aliamini anachosema. "Watu wanapenda kucheka kidogo kwanza, halafu wasikilize. Mimi nawafungulia mlango tu. Mkishaingia, pigeni mnavyotaka."

"Na hawa wanangu hawajawahi kuona shamba. Huyu ni mhudumu wa hoteli. Huyu anatengeneza viatu."

"Shangazi, kwenye nta nani atajua?"

Nikamwomba atupe muda kidogo. Akakubali kwa adabu, akaenda dirishani kujipepea. Bwana Oberholt alitoa silinda mpya kwenye kabati la joto, akaishika kwa vidole viwili kwa ndani, kama mtu anavyoshika yai lililotoka kuchemka.

"Isikae sana," alisema. "Inapoa."

Wanangu walisimama wakaja chini ya ngazi yangu.

"Mama, mwache aseme," Roscoe alisema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Hotelini naitwa makubwa kuliko hayo na mtu anayetaka supu tu."

"Na wewe unampa supu."

"Nampa. Ndiyo kazi yangu."

"Akiondoka, lile neno linabaki mezani?"

"Anaondoka nalo."

"Hili haliondoki, Roscoe. Hili linachongwa."

"Hata tukilizuia hapa, kwenye sanduku wataandika wanalotaka."

"Karatasi hubanduka."

Akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Roscoe si mwoga, na sitaki mtu amfikirie hivyo. Alikuwa ameomba ruhusa hotelini wiki nzima ili apate asubuhi hii. "Mama, wakituona wagumu hawatuiti tena. Kesho yule atawaita wazungu wawili wajipake masizi usoni, wapige wimbo wa baba vilevile, vizuri kama sisi."

"Si vizuri kama sisi," Lemuel alisema.

"Ndiyo, si vizuri kama sisi," Roscoe akakubali. "Lakini watapiga wao."

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kukubaliana juu ya kitu chochote.

Nilikaa nikifikiri, mikono mapajani. Karibu na kivuko cha mtoni pana ukumbi wenye mashine za kusikilizia. Unatia sarafu, unaweka mirija masikioni, unasikia peke yako. Watoto wa darasa langu wanakimbilia pale kila Jumamosi, hata wale ninaowakataza, hasa wale ninaowakataza. Akilini nikamwona mmoja wao, mtoto wa yule mama anayeuza supu ya utumbo kwenye kona, ameweka mirija masikioni, kanyamaza namna asivyonyamaza darasani. Jambo la kwanza linaloingia kichwani mwake ni neno lile. Kisha banjo ya Thaddeus. Mtoto anajifunza yote mawili kwa pamoja, na mimi Jumatatu nitapewa kazi ya kuyatenganisha. Diploma yangu ilinifunza mengi, lakini hilo sijui linafanywaje.

Thaddeus aliupa wimbo jina lile kwa sababu alikuwa akitoka nyumbani kabla ya watu wengi, akitembea mtaa wa Lombard kwenda kufungua duka, wauza chaza wakianza kuita, wanawake wakimwaga maji barazani. Aliniambia, "Dora, huu ni mtaa wenye watu walionawa uso." Hakuna tikitimaji mle.

"Bwana Oberholt," nikaita. "Ile ya majaribio iliingia yote?"

"Yote. Ikabaki nafasi ya ukucha."

"Bila maneno."

"Bila maneno, Bibi Purnell."

"Basi tunapiga yote. Vipande vitatu."

Roscoe alifumba macho. Lemuel aliinua uso akanitazama, na kwa mara nyingine nikaona jinsi alivyochukua kipaji cha uso cha baba yake, mstari kwa mstari.

Bwana Crandall aligeuka kutoka dirishani. "Na mimi niseme wapi?"

"Hakuna pa kusemea. Nta imejaa."

"Shangazi, kila silinda ina tangazo."

"Hii imejaa muziki. Si ndicho mnachouza?"

"Nitasema hata hivyo. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Sema," nikamwambia. "Mimi nitaanza kupiga. Nimezoea kuongoza kwaya ya watoto karibu na reli. Treni bado haijanishinda."

Hakukasirika. Alishangaa tu, kama mtu aliyeegemea ukuta ukasogea. Akamtazama fundi ili asaidiwe.

Bwana Oberholt alikuwa ameshaitia silinda kwenye mashine na alikuwa anapuliza vumbi. Hakuinua kichwa. "Ukisema juu ya piano napata uji, Crandall. Sichongi uji. Sogea pale."

"Ofisini watasema nini?"

"Watauliza iko wapi silinda. Nitawapa nzuri au nitawaambia hakuna. Wewe unataka nini?"

"Wakikataa kuiuza?" Bwana Crandall aliniuliza mimi sasa, si fundi. Lilikuwa swali la kweli, nikampa jibu la kweli.

"Basi wataikataa. Tutarudi nyumbani kwa miguu, na wimbo utakuwa bado na jina lake."

Nikawageukia wanangu. Wao ndio wangepoteza, si mimi. Mimi nina shule yangu na mshahara wangu. Hakuna anayekuja kunisikiliza nikipiga piano.

"Mmenisikia. Kama hamtaki, semeni sasa, niteremke."

Lemuel alirudi kwenye kiti chake, akainua banjo mpaka ngozi yake ikatazama mdomo wa pembe. Roscoe alibaki amesimama. Alimtazama Bwana Crandall, akatazama pembe. Niliona taya lake likifanya kazi. Tangu utotoni huyu anatafuna mambo kabla ya kuyameza, na kumharakisha ni kupoteza muda.

"Kaka," alisema mwishowe, "ukichelewa kuingia kwenye cha tatu, nitakuaibisha mbele ya wazungu."

"Wewe malizia cha pili kwanza. Ukikimbia kama kawaida yako tutabaki na nta ya kung'arishia sakafu."

"Ketini," nikasema.

Roscoe akaketi. Walikaza nyuzi kwa mara nyingine, vichwa vimeinamiana, mmoja akitoa sauti na mwingine akiifuata, mpaka zikakutana. Bwana Crandall alichukua koti lake akaenda kusimama karibu na mlango. Hakutoka. Nadhani alitaka kusikia.

Bwana Oberholt alizungusha mashine, akaisikiliza ikitulia kwenye mwendo wake. Akainua kidole. Niliweka mikono juu ya piano. Sindano ikashuka, uzi mwembamba wa nta ukaanza kujikunja na kuanguka, na kidole kikashuka nacho.

Sikungoja mtu afungue mdomo. Nilipiga mapigo manne ya kufungulia, kwa nguvu, na wanangu wakaingia pamoja.