Jibu Kabla ya Saa Kumi

Albina wa Pito, nje kidogo ya Sumbawanga, alikuwa na shida moja tu duniani: swali la kalkulasi. Mwalimu Adolfu, mgeni aliyehamishiwa Rukwa mwaka ule, alikuwa ametangaza kwamba asiye na jibu Jumatatu afungashe virago. Baba naye alikuwa ameapa kuwa binti akirudishwa nyumbani, shule basi, atashika jembe alime ulezi. Kwa hiyo Jumamosi Albina alitega mazoezi ya kwaya, akaenda intaneti kafe ya Fabiani, akaingia kwenye baraza moja la Watanzania mtandaoni.

Akanakili swali lote. Kisha, kwa kuwa amelelewa akaleleka, akajitambulisha: "Naitwa Albina, niko Sumbawanga. Naombeni mnisaidie kabla ya Jumatatu."

Hapo kwenye Sumbawanga, mji unaovumishiwa uchawi nchi nzima, ndipo alipojiponza.

"Na tusipojibu?" akauliza mtu wa Tanga.

"Jamani mjibuni, msilete utani! Mjomba wangu alibishana na watu wa huko, akapigwa radi kiangazi," mwingine akadakia.

Wa tatu hesabu hakuigusa kabisa. Alitaka mkewe arudi, na jina la mwanamume aliyemchukua akalitaja.

"Mimi ni mwanafunzi tu!" Albina akaandika.

"Kama huyu mwanafunzi, mwalimu wake akoje?"

Moyo ulimuuma sana. Babu yake katekista, yeye mwenyewe sauti ya kwanza kanisani, leo watu wasiomjua wanamwita mchawi. Machozi yakamtoka.

"Mdogo wangu, unalia nini?" Fabiani alisema. "Wameshaogopa hao. Wabane."

"Ni dhambi, kaka."

"Dhambi utaungama. Kalkulasi je?"

Albina akajifuta macho, akaandika: "Nimewasoma wote. Nipate jibu kabla ya saa kumi."

Majibu yakamiminika. Mhasibu wa Tabora alijibu, akaweka na salamu za familia. Lililopendeza zaidi lilitoka kwa mtu aliyejiita Mtumwa wa Mungu: kila hatua imenyooka, na mwisho ameandika, "Nimemaliza. Tafadhali niache, mama yangu ananitegemea." Albina akanakili hilo.

Jumatatu Mwalimu Adolfu alipokea daftari lake, akasoma mistari miwili, jasho likamtoka. Akaweka vema kubwa, akalirudisha kwa mikono miwili.

Albina hakuwa mtu wa kuridhika na vema ya bure. "Mwalimu, hatua ya tatu sijaielewa. Naomba unieleze."

"Albina," mwalimu alinong'ona, "swali nimelitunga mimi, na jibu nimekupa mimi. Unataka nini tena kwangu?"

"Nataka kuelewa tu, mwalimu!"

Mwalimu akarudi nyuma mpaka ubaoni.

Basi, shuleni alibaki, na jembe la baba likakaa bila mtu. Lakini tangu siku ile, kila Albina akinyoosha kidole kuuliza, Mwalimu Adolfu huinuka mbele ya darasa zima na kusema, "Shikamoo."