Kaunti Nzima Iko Hapa

Kuna watu walikaa ofisini katika mji mkuu wa Kentucky, wakalitazama jimbo letu lote, wakaona limebakiwa na tatizo moja tu: haijulikani ni kaunti gani inayopendwa zaidi. Kaunti ziko mia na ishirini. Basi televisheni ya huko ikatangaza shindano. Kila kaunti itoe mtu wa kuisemea mbele ya kamera, watu wapige kura kwa simu, na mshindi apewe bango kubwa la kusimika kando ya barabara, ili wapita njia wajue kwamba hapa wanapopita ndipo panapopendwa zaidi.

Nilicheka mpaka nikakohoa, na kifua changu, baada ya miaka yote ile chini mgodini, si kifua cha kuchezea. Kaunti yetu ya Pruett ni ya mwisho kwa kila kitu ambacho serikali inapima na ya kwanza kwa kila kitu ambacho serikali inachukua. Nakumbuka walivyofunga shule yetu ya bondeni. Nakumbuka walivyofunga wodi ya wazazi, hata leo watoto wetu wanazaliwa kaunti ya jirani na kuletwa hapa kama wageni. Nakumbuka maji ya bomba yalipogeuka rangi ya chai, na mtaalamu akaja kutushauri tusiyatazame sana. Yote hayo niliyaandikia magazeti. Mengine waliyachapa, chini kabisa, karibu na matangazo ya matrekta.

Lakini habari hii si yangu, ni ya dada yangu Verlene na lango.

Mume wake Verlene, marehemu Arlis, amezikwa mlimani na ukoo wao wote wa kina Sizemore. Kampuni ya makaa iliununua mlima, ikaweka lango la chuma chini kwenye barabara. Sheria inasema ndugu wa marehemu hawawezi kuzuiwa kwenda makaburini, na kampuni inaiheshimu sana sheria. Ukitaka kwenda, unaomba ruhusa siku kumi kabla, unavaa kofia ngumu, unasindikizwa na mlinzi, na unapanda kwa miguu. Magoti ya Verlene yalishakufa kabla ya Arlis. Tangu lango liwekwe hakuwahi kufika pale.

Na kwetu Jumapili ya mwisho ya Mei ni ya makaburi. Si siku ya mapumziko, ni wajibu. Walioko Ohio, Michigan na Indiana wanarudi, wanafyeka majani, wanapamba, wanatandaza chakula juu ya nyasi wanakula na wafu wao. Kila mwaka Verlene alitengeneza maua ya karatasi laini, akayachovya kwenye nta iliyoyeyushwa ili mvua isiyaharibu, halafu akampa mtu mwingine ampelekee Arlis. Kila mwaka alilia akiyakabidhi. Alikuwa na miaka themanini na moja, na alitaka jambo moja tu duniani: kupelekwa kwa gari mpaka juu, aketi karibu na mumewe siku ya maua.

Mwezi wa Machi Jaji Crace akaja nyumbani kwake. Kwetu mkuu wa kaunti huitwa Jaji hata kama hajawahi kuhukumu hata kuku. Nilikuwepo jikoni, nikabaki palepale makusudi.

"Mama Verlene," Jaji akasema, kofia mkononi, "kaunti inakuhitaji. Nani mwingine anajua kupika ile keki ya tabaka? Nani mwingine ana uso kama wako?"

"Uso wangu una nini?"

"Una historia, mama."

"Una mikunjo," nikasema. "Ya kungoja."

"Hobert, sikuja kwako."

"Najua. Kwangu hujaja tangu uchaguzi."

Verlene akamwekea kahawa, akamwambia taratibu kwa jina lake la utotoni, "Nitasema, Delmas. Nitaisifu mpaka waone haya kuishi kwingine. Lakini Jumapili ya makaburi lile lango liwe wazi, na magari yapande."

Jaji akanywa kahawa. Akatazama dari. Kampuni ilikuwa imemlipia kampeni, kila mtu anajua, na mimi niliwahi kuliandika. "Nitazungumza nao," akasema. "Una neno langu."

Alipoondoka nilimgeukia dada yangu. Nikamwambia hii ndiyo nafasi. Kamera itakaa mbele yako, jimbo zima litakutazama, waambie ya maji! Waambie ya wodi! Waambie ya lango, uwavue nguo!

Akanitazama kama anavyotazama unga ulioingiwa na wadudu. "Hobert, wewe umesema kweli miaka arobaini. Lango liko vipi?"

"Limefungwa."

"Haya. Niache mimi nidanganye kidogo."

Na akadanganya. Jamani, yule mwanamke alidanganya! Alikaa barazani na blanketi lake la viraka mapajani, akamwambia yule binti wa televisheni, Kendra, kwamba ukungu wa kwetu asubuhi ni mwororo kama maziwa, kwamba hapa hakuna anayefunga mlango, kwamba mto unaimba. Mto wetu! Kendra akajifuta machozi. Mpiga picha akala vipande vitatu vya keki. Mimi nilikuwa nyuma ya banda la kuni nikiuma meno.

Kura zikamiminika. Mtoto wa Verlene, Dwight, anayekaa Dayton, Ohio, akatueleza kwamba kiwandani kwake wanaume wazima walilia mbele ya simu zao, kisha wakapiga kura, kisha wakapiga tena. Detroit wakapiga. Cincinnati wakapiga. Nasema bila kuficha: hakuna watu wanaoipenda Kaunti ya Pruett kama wale walioikimbia. Tukashinda kwa mbali. Kaunti zenye farasi wa mbio na nyumba zenye nguzo nyeupe zikaachwa nyuma zinashangaa.

Wiki moja kabla ya mwisho wa Mei, Jaji akarudi. Safari hii hakuvua kofia.

"Mama, habari njema mbili. Kampuni imekubali. Lango litakuwa wazi Jumapili, saa nne mpaka saa sita, na magari ruksa."

Verlene akashika meza kwa mikono miwili. Sijamwona akitabasamu vile tangu Arlis alipokuwa hai.

"Na ya pili, sherehe ya kupokea bango ni Jumapili hiyohiyo, uwanja wa mpira. Televisheni inarusha moja kwa moja. Ndiyo siku pekee waliyonayo. Saa nne mpaka saa sita. Wewe utakaa katikati ya jukwaa."

Nta ilikuwa inachemka kwenye sufuria.

"Delmas," Verlene akasema, "wewe umezaliwa wapi?"

"Hapahapa, mama."

"Na Jumapili ya mwisho ya Mei hapahapa watu wanakwenda wapi?"

"Najua, najua. Lakini mwaka huu ni maalumu. Makaburini utakwenda mwakani, mama. Arlis haendi popote."

Nikainuka. Ningemwaga ile nta mahali ambapo nisingepaswa. Verlene akaninyooshea kidole nikae, akamjibu Jaji kwa sauti ya kanisani, "Ni kweli. Haendi popote." Halafu akachukua ua lingine, akalichovya.

Niliona ameshindwa. Nikaenda nyumbani, nikatafuta ubao, nikaandika kwa rangi nyekundu MAJI, WODI, LANGO, maana kama dada yangu atakaa jukwaani kama pambo, basi angalau televisheni itaniona na mimi.

Jumapili saa tatu na nusu nilikuwa uwanjani, nimejificha nyuma ya choo na ubao wangu, nangoja umati ujae ndipo nitokeze. Viti vilipangwa, vyeupe, mamia. Bendera zikapepea. Wakubwa wa mji mkuu wakashuka kwenye magari meusi. Bendi ikaja, ya kukodi, kutoka kaunti ya jirani. Saa nne ikafika. Viti bado vyeupe, hata kile cha Verlene katikati ya jukwaa. Saa nne na robo, akaja mbwa.

Nikatoka na ubao wangu, nikakaa mstari wa mbele, kwa sababu kupinga peke yako ukiwa umesimama kunachosha.

Jaji alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye tai. "Wako wapi?" akaninong'oneza. Maisha yangu yote alikuwa hajawahi kuniuliza swali.

"Nani?"

"Watu, Hobert! Watu!"

"Mheshimiwa, leo ni Jumapili ya makaburi. Au umesahau ulipozaliwa?"

Kendra akainua kidole: tunaenda hewani. Mpiga picha, kijana mwenye akili, akaisogeza kamera mpaka ikabaki sura ya Jaji na bango tu. Na Jaji, macho yameelea juu ya viti vitupu, mbwa na mimi, akafungua mdomo, akaliambia jimbo zima la Kentucky:

"Ndugu zangu, natamani mngeona ninachokiona. Kaunti nzima iko hapa mbele yangu. Kila mwanamume, kila mwanamke, kila mtoto. Hakuna aliyebaki nyumbani!"

Nilishika ubao wangu juu. Hakuna aliyeupiga picha. Nikaondoka kabla ya wimbo.

Nilipofika chini ya mlima sikuliona lango. Sisemi lilikuwa wazi, nasema halikuwepo. Nguzo mbili, bawaba tupu, na katikati msururu wa magari ya Ohio na Michigan yanapanda polepole. Mlinzi wa kampuni alikuwa amekaa kwenye nyasi na sahani ya kuku wa kukaanga, na kwa jinsi alivyokuwa anakula, alikuwa hajaona kitu.

Juu kulikuwa na kaunti. Watu wanafyeka, wanaimba, watoto wanarukaruka kati ya mawe, maharage na mkate wa mahindi vimetandazwa. Verlene alikuwa kwenye kiti cha kukunja, maua mapajani, na Dwight amesimama nyuma yake kama askari.

"Dada! Kumbe ulikuwa umepanga?"

"Nimepanga nini? Nilimpigia mwanangu simu kumwambia mama yake anakuja makaburini. Ni kosa?"

Nikawasimulia aliyoyasema Jaji. Mchana akapanda meneja wa kampuni, mwekundu kama nyanya, na askari wa kaunti nyuma yake. Meneja akapiga kelele: saa sita imepita, na ni nani aliyeng'oa lango?

Dwight akajifuta mikono kwa suruali. Mikono ilikuwa na grisi. "Lango lipi, bwana? Sisi asubuhi tulikuwa uwanjani."

"Uwanjani wapi! Mko hapa!"

"Kila mwanamume, kila mwanamke, kila mtoto," Dwight akasema. "Jaji mwenyewe ametangaza kwenye televisheni. Au unasema Jaji ni mwongo? Sema, tumwite."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mawe ya makaburi wasianguke. Askari, ambaye bibi yake amelala mstari wa tatu, akatazama saa yake, akatazama keki ya Verlene pale kwenye nyasi. "Bosi," akamwambia meneja, "mimi nitaandika lango limepotea. Nani alilichukua, ushahidi unaonyesha hakuna mtu aliyekuwepo."

Nilimvuta Dwight pembeni, nikamuuliza lango liko wapi.

"Mjomba, wewe nitakwambia? Wewe si utaandika gazetini!"

Verlene hakuwa anasikiliza. Alimwomba Dwight asogeze kiti chake mpaka jiwe la Arlis, kisha akatufukuza sote kwa mkono, kama mtu anavyofukuza kuku. Tukarudi nyuma. Aliinama, akapanga maua moja moja. Nilidhani angelia. Lakini kutoka nilipokuwa nilimwona akimnyooshea jiwe kidole, kichwa kinatikisika, mdomo haupumziki. Alikuwa anamgombeza. Alimgombeza mpaka jua likaanza kuteremka, na hakuna mtu, wala wa kampuni wala wa serikali, aliyethubutu kumwambia muda umekwisha.