Mistari ya Shangazi na Mistari ya Mama Mdogo

Jumamosi asubuhi mwimbaji alitundika blanketi mlangoni kuzuia kelele za nje, akasafisha mashine ya kurekodia kwa pamba na spiriti. Ilikuwa mashine kuukuu ya utepe, isiyojua kukata kipande. Ukikosea, unaanza upya. Hakuwa na kampuni wala meneja. Aliimba muziki wa soul wa zamani, ule wa kukwaruza koo, mstari mmoja kwa lugha ya upande wa baba, unaofuata kwa lugha ya upande wa mama. Wazazi walishatangulia mbele ya haki, na tangu hapo kila upande ulimwita mtoto wa wale wengine. Alitaka nyumba moja tu, yoyote ile, imwite wetu.

Basi akarekodi wimbo, akatuma kaseti mbili: moja kwa shangazi, dada wa baba, nyingine kwa mama mdogo, mdogo wake mama.

Shangazi alikuwa wa kwanza kupiga simu. "Hongera, mwanangu. Ila mbona mapengo? Mstari unaimba, mstari kimya."

Mchana mama mdogo naye akapiga simu. Naye alikuwa na mapengo yake, palepale shangazi aliposikia maneno. Mwimbaji akampelekea fundi redio nakala ya kaseti; fundi akaisikiliza, akasema haina kasoro, masikio ya watu ndiyo yako hivyo, akarudi kwenye waya zake.

Haya, mwimbaji akaazima viti viwili kwa jirani, akachemsha chai, akawaita shangazi na mama mdogo. Wakaja, wakasalimiana kwa ncha za vidole. Akashika gitaa, akawaimbia ana kwa ana, roho juu. Shangazi alitikisa kichwa kufuata mdundo kwenye mistari yake. Kwenye mingine alitazama dari, akingoja. Mama mdogo naye alingoja palepale shangazi alipotikisa kichwa.

"Hapo katikati unatafuna nini?" shangazi akauliza.

"Naimba, shangazi."

"Ahaa."

Walipiga makofi, tena kwa moyo. Mlangoni mama mdogo akamshika mkono. "Ukiujaza ule ukimya, mwanangu, njoo uimbe harusini kwetu."

"Hata kwetu," shangazi akadakia. "Lakini ujaze kwanza."

Wakashuka ngazi pamoja wakipiga soga. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini walikubaliana jambo: mtoto ana kipaji, tatizo anaimba nusu.

Mwimbaji akaosha vikombe. Upweke ulimzidi mpaka akaacha maji yakimwagika bure. Kisha akaketi kwenye kiti kimoja cha jirani, akawasha mashine, akausikiliza wimbo mwanzo hadi mwisho. Haukuwa na pengo hata moja.