Marehemu wa Jikoni

Ka! Kifuniko cha pasi ya mkaa kilijifunga gizani, na Bibi Getruda akajua Wegesa ameshaamka. Mjukuu alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, anapuliza makaa, ananyoosha gauni la kitenge. Alikuwa amelishona kwa mkono wake mwenyewe kwenye kituo cha ufundi cha parokia hapo Bukima, la mama yake, Dafroza, na lilikuwa bado halijavaliwa hata mara moja.

"Usije ukaliunguza," Bibi alisema kutoka kitandani.

"Siliunguzi, Bibi. Lala."

Nani alale siku kama ile? Wageni wa Ulaya walikuwa wanakuja. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba sasa kila mzazi achangie gharama za mafunzo, na wazazi wa Bukima hawakuwa na cha kuchangia. Pamba yao ilikuwa haina mnunuzi, na bei ya nyavu haishikiki. Wageni wakiyakubali maombi ya kituo, wasichana wangelipiwa mwaka uliobaki, wafanye mtihani wa gredi, na Wegesa angekuwa fundi mwenye cheti. Wakiyakataa, angerudi kupalilia mihogo.

Maombi hayo yalishikwa na Bwana Kasmiri wa shirika moja la mjini Musoma. Miaka ile mashirika yaliota kama uyoga. Leo hulijui, kesho lina gari. Jumapili baada ya misa Bwana Kasmiri alisimama akawaambia kina mama: wageni wakija msivae vizuri, watoto wasivae viatu, vyerehani vile viwili vizima vifichwe, na chakula kiwe mapanki. Mapanki ni mifupa ya sangara. Minofu ikishakatwa kiwandani na kupelekwa Ulaya, kichwa na uti wa mgongo ndivyo vinavyobaki kwetu.

Kina mama waliitikia, "Ndiyo, baba," wakacheka. Walimwona ni mtu mwenye adabu. Maana ndivyo asemavyo mwenye nyumba muungwana: karibuni jamani, hatuna kitu, mtatuvumilia kwa maji tu. Na huku nyuma jogoo anakimbizwa. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akimwambia mgeni hatuna kitu, kisha kweli asilete kitu. Kwa hiyo kila mmoja alirudi kwake akafungua sanduku kutafuta kitenge, na wanaume wakaingia ziwani kutafuta sato.

Siku yenyewe Bwana Kasmiri alitangulia kufika, wageni amewaacha kwa padri wanakunywa chai. Alishuka garini akasimama mdomo wazi. Uwanja umefagiwa. Vyerehani vyote viko nje, vimefunikwa vitambaa vya kudarizi. Kina mama wanameremeta kama siku ya kipaimara, na harufu ya sato wa kukaanga imetanda mpaka barabarani.

"Hii harusi ya nani?" alifoka.

"Ya wageni wako, baba," mama mmoja alimjibu, na wenzake wakaangua kicheko.

"Nilisemaje mimi? Si nilisema mapanki?"

"Mgeni hapewagi miiba, mwanangu," Bibi Getruda alisema kwa upole. "Wewe ulisema hivyo kwa adabu, na sisi tukaelewa."

"Adabu gani, Bibi? Nilimaanisha! Wakiwaona mmependeza hivi watasema nini? Watapeleka fedha zao Bunda! Vueni viatu. Nyie wasichana, vueni!"

Wasichana wakavua. Akachota vumbi, akainama, akampaka Wegesa miguuni kwa kiganja chake, kama mtu anayekandika ukuta. Miguu ile ilikuwa imepakwa mafuta asubuhi ile ile. Binti alisimama wima, macho juu, kama ng'ombe anayepimwa mnadani. Bibi Getruda alimeza mate, yakawa machungu. Alijiambia, vumilia, mama, ni kwa ajili ya gredi.

Viatu vilitupwa ovyo uwanjani. Dereva wa Bwana Kasmiri, kijana mmoja mpole jina lake Masatu, alivikusanya. Hakuna aliyemtuma. Alivipangusa kwa kitambaa chake cha kufutia kioo, akavipanga jozi kwa jozi chini ya dirisha la kituo. Bibi alimwona, akamweka moyoni.

"Na wewe ni nani?" Bwana Kasmiri alimgeukia Dafroza.

"Mama Wegesa."

"Mama mdogo?"

"Wa kumzaa."

Akajishika kichwa. "Mungu wangu. Huyu binti nimeshawaambia ni yatima! Picha yake ndiyo iliyowaleta. Sikiliza mama, ingia jikoni, na usitoke mpaka tuondoke. Leo wewe umekufa."

Huku kwetu neno hilo halitaniwi. Wazee walisema ukimtangaza mtu hai kuwa amekufa, umeshaanza kumchimbia. Bibi alifungua mdomo, lakini Dafroza alimshika mkono.

"Acha, mama," alinong'ona. "Ni shule ya mtoto. Acha nife nusu siku."

Akaingia jikoni na gauni lake lililonyooshwa, ndani ya moshi.

Wageni walifika. Mkubwa wao alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi, miguu imevimba kwa safari. Alimsalimia kila mtu kwa mikono miwili, akanawa, akamega ugali wa mtama bila kuuchunguza. Bibi alimpenda. Bwana Kasmiri akamweka Bibi kando ya Wegesa, akaanza kueleza kwa Kiingereza, huku akionyesha juu mbinguni kwa kidole. Alieleza kwa huzuni kubwa. Mgeni akaacha kula. Akaushika mkono wa Wegesa, na machozi yakamtoka.

Bibi Getruda alikuwa amezika watoto watatu. Alijua machozi yanatoka wapi, na yanamwacha mtu vipi. Akaona hapa mama wa watu anaibiwa machozi yake mchana kweupe, analizwa kwa msiba usiokuwepo, na mwizi mwenyewe amekaa pembeni anajifuta mafuta ya samaki midomoni.

Jikoni, marehemu akakohoa.

Ulikuwa moshi tu. Lakini Wegesa aliinamisha kichwa, na Bibi hakuweza tena. Aliinuka, akaingia jikoni, akamtoa Dafroza kwa mkono, macho mekundu, masizi mabegani. Akamsimamisha mbele ya wageni.

"Mama," alisema, akitumaini neno hilo linafahamika hata kwao. "Huyu mama. Mama yake."

"Mama?" mgeni aliuliza, akamtazama Bwana Kasmiri.

Bwana Kasmiri alicheka, akasema maneno mawili matatu. Mwalimu Felisian, aliyewafundisha wasichana kukata nguo na aliyekuwa anatazama chini tangu asubuhi, alimtafsiria Bibi polepole: "Anamwambia kwa desturi yetu kila mwanamke anaitwa mama."

Na ni kweli. Hicho ndicho kilichomchefua Bibi kuliko vumbi na kuliko mapanki. Mtu kachukua neno la heshima walilolelewa nalo, kaligeuza tambara la kufutia uchafu wake.

Basi aliacha maneno. Aliweka kiganja juu ya tumbo la Dafroza, kisha akakiweka juu ya kichwa cha Wegesa. Akaweka tena juu ya tumbo lake mwenyewe, kisha juu ya kichwa cha Dafroza. Mgeni alifuata mkono ule kwa macho, huku na huku. Akamwuliza Bwana Kasmiri swali fupi. Bwana Kasmiri akatazama saa yake. Muda umekwisha, Bunda wanangoja. Magari yakaondoka na sato wengi wakabaki kwenye sinia.

"Ungengoja tu waende, Bibi," alisema mama mmoja. "Na wangu alikuwemo." Mama yule naye alikuwa na haki yake.

Vuli ilikuwa imekwisha Masatu aliporudi, peke yake, kwa baiskeli, shati limelowa jasho. Wakamtandikia mkeka. Alizungukazunguka, akauliza habari za mvua, za mihogo, mwisho akasema.

"Hamkupata, Bibi. Wamepewa wa Bunda. Wale walivaa magunia."

"Na yule mama wa Kizungu? Hakuelewa?"

"Aliuliza njia nzima. Yule ni mama yake, si mama yake? Bosi akamwambia..."

"Sema, mwanangu."

"Akamwambia Mama Wegesa ni kichaa. Eti anazungukaga kijijini akidai watoto wa watu."

Kisu cha Dafroza kilisimama kwenye muhogo aliokuwa anaumenya. "Kumbe nilifufuka," alisema, "nikafufuka kichaa."

Bibi Getruda aligeuka akatema mate pembeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mgeni maisha yake yote.

"Mimi nilikuwa nimeshika usukani," Masatu alisema. "Nilisikia yote, nikanyamaza. Nina watoto nyumbani, Bibi."

"Umeendesha baiskeli kutoka Musoma kuja kutuambia. Huko siyo kunyamaza. Kula."

Alikula viazi na maziwa. Akauliza Wegesa yuko wapi. Bibi akamweleza kwamba asubuhi anakuwa shambani, na jioni Mwalimu Felisian anamwachia cherehani wanafunzi wachache waliobaki wakishatoka. Anashona sare za watoto, anashona vizuri. Gredi ndiyo hana, na hatakuwa nayo.

Jua lilipopungua Masatu akaaga. Bibi Getruda alimsindikiza mpaka njia panda, ameshika usukani wa baiskeli upande mmoja.

"Uje tena," alimwambia. "Wegesa hujamkuta, atasikitika. Uje hivi hivi, kwa baiskeli, mwanangu. Usije na gari la yule."